Majina ya wadaiwa kupotea baada ya kufuta programu
Habari ndugu. Umesema programu ya madeni ya duka uliyotengenezewa na akili mnemba ilikuwa safi, ila ulipoifuta na kuiweka upya, majina yote yakapotea. Pole sana, yalinikuta hayo kwenye programu ya kikoba chetu.

Kwanza ingia kwa akaunti yako kwenye simu nyingine. Usipoona majina, ujue yalikuwa yanakaa ndani ya simu tu. Iamuru akili mnemba itumie Firebase, huduma ya Google ya kuhifadhi taarifa za programu mtandaoni, hivi: “Hifadhi taarifa zote Firebase, kila mtu aingie kwa akaunti yake, asione za mwenzake.” Hayo maneno ya mwisho usiyaache! Mimi niliyaacha, mwanachama mmoja akafungua akakuta marejesho ya jirani yake. Ukichagua hali ya majaribio (test mode) kwenye Firebase, mlango uko wazi kwa yeyote kwa siku 30. Nakili mradi wa programu yako kabla hujagusa kitu.