Maswali na majibu: Dagaa, tiki za bluu na salamu zilizorukwa

Safari hii maswali mengi yamehusu watu wanavyoelewana na wanavyoshindwa kuelewana. Nimeyafupisha, na majina sikuyataja, kama wenyewe mlivyoomba.

Mwalimu, kazini tulipewa semina ya huduma kwa wateja. Mwezeshaji akasema asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Ni kweli? (Karani, Nyamagana)

Si kweli, na hata mwenye tarakimu hizo hakusema hivyo. Zinatoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Marekani, na majaribio mawili madogo yaliyochapishwa mwaka 1967. Katika mojawapo, watu walisikilizishwa neno moja tu la Kiingereza, lile la kusema "labda", likitamkwa kwa sauti ya kupenda, ya kuchukia na ya kawaida, huku wakionyeshwa picha za nyuso. Wakaulizwa: huyu anampenda anayeongea naye au hampendi? Kwa hiyo hesabu hiyo inahusu hisia ya kupenda na kutopenda, na Mehrabian mwenyewe ameshasema isitumike kwa mazungumzo yote.

Ukitaka kuipima, panda meli hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, ukae karibu na wazee wanaoongea Kikerewe, kama hukijui. Utamtambua aliyekasirika na anayetania. Bei ya ng'ombe wanayobishania hutaipata ng'o, na kwa hesabu ya semina yenu ilikuwa imebaki asilimia 7 tu.

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Mwanza. Nina mteja wa jumla wa Shinyanga, tumefanya naye biashara miaka. Siku hizi ananitumia ujumbe: "Gunia nne. Bei?" Hana shikamoo wala habari za watoto, na mimi ni mkubwa kwake. Juzi nikamjibu "mzigo umeisha" na mzigo upo. Mume wangu anasema nimetupa hela kwa ajili ya salamu. Nimekosea?

Mama, shikamoo. Mume wako anahesabu gunia, wewe ulikuwa unahesabu kitu kingine, na nyote wawili mna hoja.

Mwaka huohuo wa 1967, mwanasaikolojia Paul Watzlawick na wenzake wawili waliokuwa wakifanya kazi Palo Alto, California, walitoa kitabu kinachosema kwamba kila kauli inabeba mambo mawili kwa pamoja. Kuna habari yenyewe, na kuna namna msemaji anavyouona uhusiano wake na anayeambiwa. Ujumbe wa mteja wako, kwa upande wa habari, ni gunia nne tu. Kwa upande wa uhusiano unasema: wewe kwangu ni stoo. Nawe ukajibu kwa njia ileile. Kwenye habari ulidanganya, kwenye uhusiano ulisema ukweli mtupu. Shida ni kwamba yeye alisoma habari peke yake, akahamia meza ya jirani.

Wanaosema salamu ni kupoteza muda hawajasimama pale Mwaloni asubuhi. Mnunuzi anachota dagaa kiganjani, anawafikicha asikie kama kuna mchanga, anauliza mtoto aliyekuwa na homa ameamkaje, anawarudisha kwenye rundo, anaulizia ziwa lilivyokuwa usiku, ndipo anataja bei. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyekaa miaka ya Vita Kuu ya Kwanza katika visiwa vya Trobriand, aliandika mwaka 1923 kwamba maneno ya namna hii hayakuwekwa ili kupasha habari. Yanawafunga watu pamoja. Bibi yangu mzaa mama angemshangaa kuhitaji safari ndefu hivyo. Msukuma akikwambia "mwangaluka" unajibu "mhola", yaani salama, hata kama mgongo unakukata, ya mgongo yatafuata.

Ila mimi naongeza jambo la kibiashara. Katika salamu hizo ndimo unamopima mtu. Aliyeuliza mtoto kila wiki ndiye unayempa mali kauli akirudi hana fedha. Aliyeacha kuuliza, huna unachomjua zaidi ya namba yake ya simu. Na huenda ujumbe ule anautuma kwa wauzaji sita kwa mpigo, asubiri wa bei ya chini.

Usimwandikie, mpigie. Salamu uanze wewe ingawa ni mkubwa, mwulize nyumbani kwake, halafu sema mzigo umeingia, umekauka, hauna mchanga. Akichangamka, yaliyopita yaishe na wala usimtajie. Akiendelea na "bei?", muuzie kama unavyomuuzia mpita njia: fedha mkononi, na mali kauli asahau.

Mchumba wangu anafanya kazi mgodini, Geita. Namwandikia WhatsApp saa mbili usiku, tiki zinageuka bluu, jibu linakuja asubuhi. Nikimuuliza anasema "sikuwa na la kusema". Mtu anaweza kusoma akanyamaza na isiwe na maana yoyote?

Hawezi. Ni walewale wa Palo Alto waliosema kwamba mtu hawezi kukaa mbele ya mwenzake asiwasilishe kitu. Hata kimya kinasomwa. Ila maana ya kimya anaitia msomaji, na msomaji ana sikio lenye mazoea yake.

Mazoea hayo yamepimwa. Mwaka 2009 mtafiti wa lugha Tanya Stivers na wenzake walilinganisha lugha kumi kutoka pande mbalimbali za dunia, wakiangalia maswali ya ndiyo na hapana. Kwa wastani, jibu linaanza takriban sehemu ya tano ya sekunde baada ya swali kuisha. Wajapani ni wepesi zaidi, Wadenmaki wanachelewa kidogo, lakini kwa jumla jibu la kukubali huja mapema kuliko la kukataa. Ndiyo maana ukimuuliza mtu "Jumapili utakuja?" akasita kidogo tu, umeshajua haji. Sasa sikio hilohilo umelipeleka kwenye simu, ambako kuchelewa kunaweza kuwa ni shifti, usingizi au chaji.

Hata hivyo simtetei moja kwa moja. Wewe unauliza "tupo?", yeye anajibu kuhusu habari: sina jipya. "Usiku mwema" ingetosha, na haihitaji kuwa na jipya. Mwambie hivyo akiwa amepumzika, siyo kwa ujumbe wa saa sita usiku.

Nimesoma kwamba chini ya sentimita 45 ni umbali wa wapenzi na ndugu wa damu tu. Daladala ya Buhongwa jioni tuko sentimita sifuri. Hapo tumekuwa nani?

Abiria. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward Hall, alitoa vipimo hivyo mwaka 1966 baada ya kuwachunguza Wamarekani wa tabaka la kati, na akaonya visipelekwe kwa watu wote. Aliona pia kwamba kwenye msongamano watu hukakamaza mwili na kutazama mbali. Jichunguze leo jioni: kiwiko cha mtu kiko ubavuni mwako na nyote mnasoma tangazo la dirishani.

Kwetu Tanga, nimeolewa Misungwi. Kwenye msiba wa baba mkwe wakaja watani. Mmoja akavaa koti la marehemu akaiga mwendo wake, mwingine akaingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe hela. Nililia kwa hasira, ukweni wakacheka. Wananidharau?

Pole kwa msiba, dada. Hapana, hawakudharau. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuhusu uhusiano ambamo mmoja anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumtania mwenzake, naye haruhusiwi kukasirika. Kwetu upo kati ya babu na mjukuu, kati ya mashemeji, na kati ya makabila yaliyowahi kupigana au kusafiri pamoja zamani. Huko Tanga nako wapo, muulize bibi yako.

Angalia mtani anafanya nini baada ya vituko. Anashika jembe, anabeba maji, anamnyamazisha mjomba aliyelewa ambaye mtoto wa nyumbani hawezi kumgusa. Hilo koti ndilo lililowapa wafiwa nafasi ya kupumua. Ila yule wa kaburini akikataa elfu tano akataka hamsini, hapo mimi namwita mfanyabiashara, na wazee wana haki ya kumtoa.

Kijana wangu amemaliza kidato cha sita, anataka kusomea mawasiliano. Mimi naongea tangu utotoni na hakuna aliyenifundisha. Anakwenda kusoma nini? (Baba, Igoma)

Anakwenda kusoma yale tunayofanya bila kujiona. Nikupe mfano mmoja. Miaka ya 1960, mwanasosholojia wa Marekani, Harvey Sacks, alisikiliza simu zilizorekodiwa katika huduma ya kuwasaidia waliotaka kujiua, huko Los Angeles. Mhudumu akijitaja jina, mpigaji naye kwa kawaida alijitaja. Mmoja akajibu "sikusikii". Mhudumu akarudia jina, wakahangaika nalo kidogo, na nafasi ya mpigaji kujitaja ikawa imeshapita. Hakukataa, na jina hakutoa. Kutokana na usikilizaji wa namna hiyo ilizaliwa taaluma nzima ya kuchambua mazungumzo.

Lakini awe macho. Vyuo vyetu vingi vinafundisha zaidi uandishi wa habari, utangazaji na uhusiano kwa umma. Hapa kwetu Mwanza kipo SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino), Malimbe, kilichoanza Nyegezi mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo ya jamii na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, nacho kinajulikana sana kwa uandishi wa habari. Kama anapenda redio au magazeti, ni karibu na nyumbani. Kama kinachomvuta ni watu wanavyoishi pamoja, atazame pia sosholojia na saikolojia. Asiishie kwenye jina la shahada. Apate orodha ya masomo ya miaka yote mitatu aisome mstari kwa mstari, na sifa za kujiunga azitazame kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu, siyo ule aliopewa na kaka yake.