Kadi ya sauti kwanza, programu baadaye

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amepata deki mbili za Technics SL-1200MK2, mikisa ya chaneli mbili na laptopu ya Windows, na anataka kupiga mafaili yake kwa santuri za taimukodi, yaani santuri maalumu zinazoongoza nyimbo zilizomo kwenye laptopu. Swali lake ni moja tu, la programu: "Kaka, ninunue Serato au Traktor?"

Karibu kila anayeingia kwenye fani hii huuliza hivyo, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea. Programu ndiyo ya mwisho kuamuliwa. Unaanza na kadi ya sauti. Kadi ndiyo inayopokea mlio wa sindano, ndiyo inayorudisha muziki kwenye mikisa, na kwa kampuni kadhaa ndiyo ufunguo unaofungua programu yenyewe. Ukinunua programu kisha ukaenda kutafuta kadi, utajikuta unanunua mara mbili.

Tuelewane kwanza santuri ya taimukodi inabeba nini. Haina muziki. Ina mlio mmoja wa stereo usiokatika: kwa santuri za Serato ni wa hezi 1,000, Traktor za zamani, yaani MK1, hezi 2,000, na Traktor MK2 hezi 2,500. Upande wa kushoto na wa kulia umepishana kwa robo ya mzunguko, yaani digrii 90. Programu inaangalia upande gani umetangulia, na hapo inajua kama santuri inakwenda mbele au inarudi nyuma. Kasi inaisoma kwenye mlio wenyewe: ukishusha pichi kwa asilimia 4, mlio wa hezi 1,000 unakuwa 960, na wimbo nao unapungua kasi kwa kiasi hicho hicho. Mahali sindano ilipo panajulikana kwa alama zilizofumwa ndani ya mlio huo. Kwa hiyo mlio ukifika mchafu, dhaifu au wa upande mmoja, hakuna programu duniani itakayokuokoa.

Sasa hesabu njia za kadi. Deki moja ni stereo, kwa hiyo inakula njia mbili za kuingiza. Deki mbili ni njia nne za kuingiza, na kila deki inarudi kwenye chaneli yake ya mikisa kwa njia mbili za kutolea. Unahitaji nne za kuingiza na nne za kutolea. Kadi ndogo za studio zenye njia mbili kwa mbili, zile za kurekodia sauti na gitaa, ni nzuri kwa kazi yake lakini zitakupa deki moja tu. Usidanganywe na ushauri wa kuunganisha kadi mbili ndogo. Kwenye Mac inawezekana kuziunganisha zionekane kama moja, lakini kila kadi ina saa yake ya ndani. Saa hizo huachana taratibu na baada ya muda unasikia mikwaruzo. Nne na nne, ndani ya boksi moja.

Jambo la pili ni nguvu ya mlio. Katriji ya DJ hutoa milivolti chache, kwa kawaida chini ya 10, wakati njia ya laini inasubiri milivolti mia kadhaa. Pengo hilo huzibwa na kikuza sauti cha fono, ambacho pia hurekebisha besi na treble kwa kipimo cha RIAA. SL-1200MK2 haina kikuza sauti ndani yake. Kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya ma-DJ, kama Rane SL2 na SL3, Traktor Audio 6 na Audio 10, Denon DS1, Pioneer Interface 2 na Reloop Flux, zina njia za fono: unachomeka deki moja kwa moja na kazi imekwisha. Kadi za studio hazina.

Behringer UMC404HD nitaizungumzia kwa urefu kidogo, kwa sababu ina nne kwa nne na bei yake ni ya chini kuliko kadi nyingi za DJ. Inafaa, lakini kwa masharti. Njia zake za kuingiza ni za maikrofoni na laini, kwa hiyo kila deki inahitaji kiboksi chake cha fono katikati, au deki yenyewe iwe na swichi ya laini kama ilivyo Audio-Technica AT-LP120. Utahitaji pia adapta za kutoka RCA kwenda plagi ya milimita 6.35. Swichi ya volti 48 ya maikrofoni iwe imezimwa kabla hujachomeka chochote. Halafu kuna hili ambalo watu wengi hawaambiwi: kila njia ina kitufe chake cha kukuza sauti, kwa hiyo kushoto na kulia kwa deki moja ni vitufe viwili tofauti. Visipolingana, upande mmoja unakuwa na nguvu kuliko mwingine na programu inaanza kuyumba. Vilinganishe kwa kutazama duara la kwenye programu, ambalo nalieleza chini, kisha ubandike utepe juu yake mtu asiviguse.

Baada ya hapo ndipo programu zinapochambuka zenyewe. Serato DJ Pro inakubali taimukodi kwa kadi na mikisa zilizomo kwenye orodha yake tu, na baadhi ya vifaa hivyo bado vinadai ununue nyongeza ya DVS, yaani ruhusa ya kutumia taimukodi. Na rekordbox inafuata njia hiyo hiyo, ikiwa na orodha yake na santuri zake. Traktor, tangu toleo la Pro 3 la mwaka 2018, inapokea kadi yoyote yenye njia za kutosha, lakini inataka santuri za Traktor. VirtualDJ, ambayo ma-DJ wengi wa Dar na Nairobi tayari wanaijua, inakubali kadi yoyote na inasoma santuri za kampuni mbalimbali, ila kwa taimukodi inahitaji leseni ya kulipia. Mixxx ni ya bure kabisa, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, inakubali kadi yoyote ya nne kwa nne, na inasoma santuri za Serato CV02 na Traktor MK1. Ina hata sehemu ya kukuza mlio wa deki usiopitia kiboksi cha fono. Inawezekana kwa sababu programu inahitaji kusoma mlio mmoja tu, haihitaji sauti tamu. Lakini kumbuka kwamba ukikuza mlio unakuza na kelele.

Ndugu yangu, nalisema hili kwa uzito: programu ya wizi kwenye taimukodi ni balaa tofauti na ile ya kupiga kwa panya. Kiraka kilichovunja leseni mara nyingi kinakufungia kwenye toleo la zamani. Toleo la zamani halilijui draiva jipya la kadi, na Windows ikijisasisha usiku, Jumamosi jioni kadi haionekani. Mixxx ipo, ni halali, haiulizi namba wala akaunti. Hakuna sababu ya kwenda kwenye harusi ya mtu ukiwa na kitu ambacho huna uhakika kama kitawaka.

Ukinunua kifaa kilichotumika, iwe Kariakoo, Luthuli au kwa mtu mtandaoni, jina kubwa lisikupofushe. Rane SL1 ni boksi imara lililotoka mwaka 2004, bado lipo mikononi mwa watu, lakini linafanya kazi na Serato Scratch Live tu. Serato DJ hailitambui, na Scratch Live yenyewe haihudumiwi tena tangu 2015. Kabla hujatoa pesa, fungua ukurasa wa draiva wa mtengenezaji, tafuta jina kamili la kadi, uangalie kama kuna draiva la mfumo uliomo kwenye laptopu yako leo. Kama halipo, bei nafuu si nafuu.

Kwenye Windows tumia draiva la ASIO, yaani lile la sauti yenye ucheleweshaji mdogo, la mtengenezaji mwenyewe. Kinachoamua kama mkono wako na sauti vinakwenda pamoja ni ukubwa wa bafa, yaani fungu la sauti ambalo laptopu inalikusanya kabla ya kulitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.9, ya 256 ni 5.8, na ya 512 ni 11.6. Hiyo ni njia moja. Mlio unaingia na muziki unatoka, kwa hiyo ucheleweshaji halisi ni zaidi ya mara mbili. Kwa kuskrachi, 128 ndiyo unayoitaka. Kwa kuchanganya nyimbo tu, 256 inatosha. Anza na 256, piga nusu saa, ukisikia hakuna mkwaruzo shuka. Ukiisikia sauti inakatika kila baada ya muda fulani, mara nyingi kadi haina kosa: zima Wi-Fi na Bluetooth, weka laptopu kwenye mpango wa nguvu kamili, zuia Windows isizimishe milango ya USB ili kuokoa betri, na uchomeke kadi moja kwa moja bila kupitia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake.

Duara nalo lijifunze kulisoma. Kila programu ya taimukodi ina kidirisha kinachochora mlio, na mlio mzima huchora duara. Duara likiwa yai, upande mmoja una nguvu kuliko mwingine: safisha sindano, kaza kichwa cha katriji, linganisha vitufe. Likiwa mstari mmoja tu wa wima au wa mlalo, upande mmoja umekufa. Ng'oa kichwa, safisha pini zake nne kwa raba ya penseli au spiriti, kisha kagua nyaya zake ndogo: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Wimbo ukienda kinyumenyume wakati deki inazunguka mbele, kushoto na kulia vimebadilishana mahali, au upande mmoja nyaya zake zimegeuzwa chanya kwa hasi. Duara lenye ukungu mzito ni vumbi kwenye sindano, santuri iliyochakaa, au besi ya spika inayopanda kwenye meza.

Hiyo besi huwatesa wengi kwenye majukwaa ya mbao. Ondoa spika ya besi jirani na meza, weka bamba zito la zege juu ya sponji, kisha deki juu yake. Unapopima kiwango cha kelele kwenye programu, weka sindano juu ya santuri iliyosimama, mota ikiwa imezimwa, huku spika zikipiga muziki kwa sauti ya ukumbini. Ukipima chumba kikiwa kimya, kipimo kitakudanganya.

Mngurumo wa chini usioisha ni umeme wa hezi 50. SL-1200MK2 ina waya mwembamba wa ethi wenye kijiko mwishoni. Ufunge kwenye skrubu ya ethi ya kadi au ya kiboksi cha fono, na kama zote hazina, kwenye ile ya mikisa. Mngurumo ukitoweka unapochomoa chaja ya laptopu, tatizo ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na mikisa. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi ili kuondoa kelele. Kuna watu wameshika maikrofoni wakapigwa na umeme.

Sindano iwe na uzito unaoandikwa na mtengenezaji. Kwa Ortofon Concorde za DJ, gramu 3 hadi 4 ni mahali pazuri. Kuongeza gramu ili isiruke kunachimba santuri, hasa dakika ya kwanza ya kila upande, ambako kila DJ anaanzia. Dakika hiyo ikichakaa, geuza upande, au piga kwa modi ya rilativu, ambayo inasoma mwendo bila kujali mahali sindano ilipo, ili sindano ikiruka wimbo usiruke nayo.

Sasa nimjibu ndugu yetu. Kwa deki zake na mikisa isiyo na kadi ndani, akipata kadi ya DJ yenye njia za fono ambayo draiva lake lipo kwa Windows yake, aichukue, na programu iwe ile inayofunguliwa na kadi hiyo. Mfuko usipofika huko, achukue UMC404HD, viboksi viwili vya fono, jozi ya santuri za Serato CV02 na Mixxx. Santuri hizo hatazitupa hata akihamia Serato baadaye, ndiyo maana simshauri aanze na santuri za Traktor MK2.

Na muuzaji asimwuzie kwa maneno. Aende na laptopu yake ikiwa na draiva tayari, na sindano moja nzima. Achomeke deki kwenye njia ya kwanza, atazame duara, aihamishie njia ya pili, atazame tena. Kisha acheze wimbo kutoka kila jozi ya kutolea, kushoto na kulia, akitikisa nyaya kwenye matundu ya RCA. Tundu lililolegea hukatika unapotikisa, na dukani ndipo mahali pa kuligundua.