Maswali Yenu: Mikono Kufa Ganzi Kwenye Pikipiki ya Safari

SWALI: Nikiendesha zaidi ya saa moja, vidole vya mkono wa kulia hufa ganzi na mabega huuma. Fundi aliinua usukani kwa milimita 30, nikapata nafuu kidogo. Ila sasa nikikata kona kali ya kushoto, injini inanguruma yenyewe. Kosa liko wapi?

JIBU: Hilo la injini lishughulikie kabla hujaitoa tena pikipiki barabarani. Usukani umepanda, lakini kebo ya akseli (waya unaofungua mafuta ukizungusha mshiko wa kulia) ina urefu ule ule, hivyo ukikata kona inavutika na kufungua mafuta. Isimamishe kwa stendi ya kati, gia ikiwa huru, washa injini, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Mngurumo usibadilike hata kidogo. Tazama pia kebo ya klachi na mpira wa breki kama vinakazana. Mara nyingi kebo huwa na urefu uliofichwa chini ya tangi, na kuipitisha upya kunatosha. Isipotosha, weka kebo ndefu zaidi au ushushe usukani.

Sasa ganzi. Kaa kama unavyokaa safarini, nyoosha vidole juu ya leva ya breki: kigasha na mgongo wa kiganja viwe mstari mmoja. Kama kifundo kinapinda, legeza bolti za leva, izungushe, ukaze kiasi kwamba pikipiki ikianguka leva igeuke badala ya kukatika. Kikopo cha mafuta ya breki kikiwa juu ya leva, hakikisha hakilali upande.

Lakini tunashuku chanzo kiko nyuma, si mbele. Springi ya shokomzoba ya nyuma ikikazwa kupita kiasi, mkia huinuka, kiti huinamia tangi, nawe unateleza na kujizuia kwa viganja. Usukani ungeinuliwa hata mara mbili, uzito huo ungebaki mikononi. Pima: gurudumu la nyuma likining'inia, chukua umbali kutoka ekseli (mhimili wa gurudumu) hadi alama moja ya mkiani. Kisha panda ukiwa na mizigo yako yote, msaidizi apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka. Kama mwendo ni milimita 150, basi 45 hadi 50. Ikiwa ndogo, legeza springi. Ukimaliza, rekebisha taa ya mbele, maana mkia ukishuka mwanga hupanda.

SWALI: Magoti yanauma, mimi ni mrefu. Nishushe vikanyagio?

JIBU: Anza na kiti. Sponji ya milimita 20 zaidi humpa goti nafasi bila kukupunguzia nafasi ya kulaza pikipiki konani, ilhali vikanyagio vya chini hugusa lami mapema. Ukivishusha hata hivyo, shusha pia pedeli ya breki na ya gia. Pedeli ya breki isipobaki na uchezaji kidogo (nafasi ya kusogea kabla breki haijashika), breki huburuza na kupata moto. Angalia vilevile kama taa ya breki inawaka kwa wakati wake. Fimbo ya gia ina nati mbili, na kwa kawaida moja hufunguka kinyume, usiilazimishe.

SWALI: Nimeweka kioo cha upepo kirefu, kelele imezidi. Kwa nini?

JIBU: Upepo unaokatika ukingoni mwa kioo sasa unavuruga hewa palepale ilipo helmeti yako. Kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, inuka kidogo juu ya vikanyagio. Kelele ikipungua, kioo kishuke. Ikipungua ukiinama, kioo kipandishwe. Kwa kawaida ukingo unaokaa sentimita chache chini ya mstari wa macho, ukitazama barabara juu yake, ndio unaofaa. Nafasi ndogo chini ya kioo usiizibe: hewa inayopita hapo hupunguza mvutano nyuma yake, na mvutano huo ndio huipigapiga helmeti.