Maswali ya Jikoni: Siagi Tamu ya Viungo kwa Siku za Vuli

Barua tulizozipokea safari hii zimeelekea upande mmoja: siagi iliyochanganywa na asali na viungo. Tumezichapisha pamoja, na baadhi tumezifupisha.

*Assalaam alaykum Bibi. Mdogo wangu anaishi Uingereza, na kila ifikapo Septemba hadi Novemba, wakati majani ya miti yanapogeuka rangi na baridi inapoanza kuingia, hunisimulia jinsi watu wa huko wanavyopaka mikate yao siagi iliyotiwa asali, mdalasini na kungumanga. Nilijaribu kuitengeneza kwa kuyeyusha siagi motoni na kuitia asali na viungo vya unga. Ilipoganda, asali ilikuwa imetuama chini, juu kumebaki mafuta yenye chenga, na viungo vinakwaruza ulimi. Ni nini kilichoharibika? — Msomaji, Chake Chake*

Waalaykum salaam mwanangu. Viungo vyako havina hatia, ni moto ulioiharibu. Siagi haikuumbwa kwa mafuta matupu: mafuta ni kiasi cha asilimia 80, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, yaliyotawanyika humo kwa matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Matone hayo hushikiliwa na chembe za mafuta yaliyoganda, na ukiyeyusha siagi unazivunja chembe hizo, maji yanajitenga, na asali, ambayo hupatana na maji lakini haipatani na mafuta, huyafuata chini ya bakuli. Kisha mafuta yanapoganda tena polepole bila ya kupigwa hujikusanya kwa chembe kubwa kubwa, nazo ndizo chenga ulizoziona. Kwa hiyo siagi hii hailainishwi kwa moto hata kidogo. Hupigwa ikiwa laini lakini bado imeshikana.

Hapo ndipo maelekezo ya mapishi ya nchi za baridi yanapotupotosha. Siagi huyeyuka kwenye joto la baina ya nyuzi 32 na 35, na hupigika vizuri ikiwa kwenye nyuzi 18 hadi 20. Mwenye kuiacha mezani mwezi wa Oktoba huko Uingereza kwa muda wa saa nzima ataikuta imelainika kama inavyotakiwa. Ukifanya hivyo wewe Chake Chake mchana wa vuli, jikoni kukiwa na nyuzi 30 na chungu kiko motoni, utaikuta inaogelea. Ifanye kazi hii asubuhi mapema, kabla ya kuwasha jiko. Toa kwenye friji siagi gramu 250, ikate vipande vidogo, itandaze ndani ya bakuli la bati, na baada ya dakika kama kumi ibonyeze kwa kidole: kidole kikiacha alama bila ya kuzama, na uso wa siagi usipong'ara kwa mafuta, iko tayari. Weka bakuli hilo juu ya bakuli jingine lenye maji ya baridi na vipande vichache vya barafu, ili joto la chumba lisikushinde katikati ya kazi.

Piga siagi peke yake kwanza, kwa mashine ya keki au kwa mwiko na mkono wenye subira, mpaka igeuke rangi na kuwa nyeupe zaidi. Baada ya hapo ndipo unapoingiza asali ya nyuki, vijiko vitatu vya supu, na uiingize kidogo kidogo huku ukiendelea kupiga. Ukiimimina yote kwa pamoja itateleza pembeni na kukataa kushika. Asali iliyochujwa vizuri na isiyo nyepesi mno ndiyo inayofaa. Kama siagi haina chumvi, ongeza chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kwani utamu usio na chumvi hata chembe huchosha haraka.

Ama viungo, usinunue vile vya unga vilivyofungwa vipakiti vya nailoni na kuanikwa juani mbele ya duka, ambavyo vimebaki rangi tu. Nunua vizima. Kwa gramu 250 za siagi inatosha mdalasini uliosagwa kijiko kimoja na nusu cha chai, hiliki nusu kijiko, na kungumanga iliyoparwa robo kijiko. Vipashe mdalasini na hiliki kwenye kikaango kikavu mpaka vitoe harufu, vitwange kwenye kinu, kisha uvichekeche kwa chungio jembamba kabisa, na kile kinachobaki juu ya chungio kitie kwenye chai. Kungumanga usiipashe, ipare tu wakati wa kuitumia.

Kuna hatua moja ambayo mapishi mengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo roho ya siagi hii. Harufu za viungo hivi zimo kwenye mafuta yake, na mafuta hukubali mafuta mwenzake. Kwa hiyo chukua kijiko kimoja cha supu cha samli, kipashe kidogo tu, tia unga wa viungo, koroga kwa muda wa nusu dakika na uepue. Acha mpaka ipoe kabisa, kwani samli ya moto itaiyeyusha siagi yako ukarudi ulikotoka, kisha ichanganye na siagi iliyokwisha kupigwa na asali. Unga huo uliokwisha kunywa samli hulainika, haukwaruzi tena ulimi. Funika, weka kwenye friji, na usiihukumu ladha yake siku hiyo hiyo, maana kesho yake itakuwa imekolea kuliko leo.

*Shikamoo Bibi. Sisi huku tunachuma karafuu, na nyumba nzima inanukia. Je, ninaweza kuongeza karafuu nyingi kwenye siagi hiyo badala ya mdalasini? Na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanafaa? — Kijana wa Wete*

Marahaba mwanangu. Karafuu weka, lakini nyingi usiweke. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo eujenoli, ile ile inayofanya jino linalouma litulie ukiliwekea karafuu, na ikizidi kwenye siagi hufanya ulimi ufe ganzi, ukawa huonji asali wala hiliki. Kwa gramu 250 za siagi, karafuu tatu au nne zilizotwangwa laini zinatosha, nazo ziwe nyongeza ya mdalasini, si badala yake. Hakikisha zimekauka barabara: ukiivunja karafuu kwa vidole iwe na mlio, isijikunje. Karafuu mbichi ina maji, na maji hayatakiwi kuongezwa kwenye siagi unayotaka idumu.

Makonyo hapana. Mafuta yamo, na ndiyo maana hupelekwa kwenye kiwanda cha Wawi kukamuliwa, lakini ni vijiti. Havisagiki vikawa laini, na ukali wake hauna utamu ule wa karafuu yenyewe.

Wacha niseme jambo moja kwa kuwa barua yako imenikumbusha. Wapishi wa Ulaya na Marekani huandika vipimo vyao kwa viungo vilivyokaa kwenye makopo kwa miezi mingi, pengine mwaka. Wewe unazianika karafuu kwenye jamvi mbele ya nyumba yako. Ukikutana na mapishi ya kwao, anza kwa nusu ya kiungo wanachokitaja, uonje, ndipo uongeze.

*Bibi, mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni huko Jambiani. Wageni huipenda siagi ya namna hii asubuhi pamoja na matunda na mikate, lakini ikikaa mezani kwa muda mfupi tu huyeyuka, na umeme nao hukatika. Nifanye nini, na ikae siku ngapi? — Mpishi, Unguja*

Kwanza usiiweke mezani ikiwa bakuli zima. Baada ya kuitengeneza, iviringe kwenye plastiki ya kufungia chakula iwe kama mche mnene wa gumba, igandishe, na asubuhi ukate vipande vya kumtosha mgeni mmoja mmoja. Kisahani chenye siagi kiweke juu ya bakuli la barafu. Iliyobaki kwenye visahani vya wageni itupe. Kuirudisha kwenye friji ni kuingiza makombo na vijidudu ndani ya ile iliyo safi.

Siagi yenye asali na viungo vikavu peke yake hukaa wiki mbili kwenye friji ikiwa imefunikwa vizuri, kwani siagi ni hodari wa kunyonya harufu, na mgeni hatakushukuru kwa siagi yenye asali na harufu ya pweza. Kwenye friza hukaa miezi miwili bila ya kubadilika sana. Umeme ukikatika, usiufungue mlango wa friji. Ukibaki umefungwa, baridi hudumu kwa kiasi cha saa nne. Siagi ikishayeyuka haitarudi kuwa laini ile ile hata ikigandishwa tena, lakini ikiwa haikukaa sana kwenye joto haijapotea: imwagie viazi vitamu vya kuchoma, au ipake juu ya mkate wa kumimina ukiwa bado wa moto. Usikaangie tu, kwa sababu asali huungua kabla chakula hakijaiva.

*Sisi hatuna friji, na siagi halisi bei yake hatuiwezi kila mara. Je, Blue Band itafaa? — Mama wa nyumbani, Mkoani*

Itafaa, ingawa ladha haitakuwa ile. Siagi ya mimea ya kopo hustahimili joto kuliko siagi ya maziwa na hupigika kwa urahisi, lakini tayari ina chumvi, kwa hiyo usiiongezee. Zinatofautiana pia kwa kiasi cha mafuta. Soma kwenye kopo, na chagua yenye mafuta mengi, kwani yenye maji mengi huiachia asali.

Kwa nyumba isiyo na friji, hata hivyo, ningependelea uifuate njia ya samli. Samli imekwisha kutolewa maji yake, ndiyo maana hukaa nje bila ya kuharibika upesi. Pasha vikombe viwili vya samli kwa moto mdogo pamoja na gome la mdalasini, hiliki kumi zilizopondwa na karafuu tatu kwa robo saa, ichuje kwa kitambaa kikavu, uihifadhi kwenye chupa yenye mfuniko, na uichote kwa kijiko kikavu siku zote. Asali usiitie humo. Itie mezani, juu ya chila au chapati iliyokwisha kupakwa samli, na kila mtu ajipimie apendavyo.

*Nina boga kubwa la shamba. Nimesikia kuwa Wamarekani hulitia boga kwenye siagi ya viungo. Hufanywaje? Na je, mtoto wangu wa miezi tisa anaweza kupewa? — Mama wa watoto, Mwanakwerekwe*

Boga ni maji matupu, na maji yake ndiyo kazi. Lipike kwa mvuke au uliokee, liponde, kisha lirudishe kwenye sufuria pana bila ya mfuniko na uendelee kulikoroga kwa moto mdogo mpaka mwiko ukipita uache njia isiyozibika. Likipoa kabisa, vijiko vinne vya supu vinatosha kwa gramu 250 za siagi, na ule ndani ya siku nne, kwa kuwa siagi yenye boga haidumu kama ile kavu. Wamarekani wana namna nyingine isiyo na siagi ndani yake, ambapo boga hupikwa kwa sukari, mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu mpaka liwe zito la kupaka kama jemu. Na kwa mwenye boga kubwa kama lako nadhani hiyo ndiyo yenye maana zaidi, maana haikutaki siagi, na boga litaisha.

Kuhusu mtoto, asali asipewe kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata iwe imechanganywa na kitu kingine, na hata ikipikwa. Asali inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mkubwa huvishinda lakini katika tumbo la mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, pamoja na ile ya kupumulia. Mpe boga lenyewe lililopondwa, bila ya asali wala sukari, na siagi kidogo isiyo na chumvi juu yake.