Amenigonga paking, kanipa elfu hamsini nikasaini karatasi. Bima bado itanilipa?

SWALI: Habari kaka. Juzi nilipaki IST yangu supamaketi hapa Dar, natoka nakuta jamaa wa Noah kanirudia na rivasi, bampa la mbele limepasuka na taa ya kushoto ina ufa. Akaomba tumalizane, kanipa elfu hamsini, nikasaini karatasi kwamba simdai. Fundi anasema laki tatu na nusu. Nina bima kubwa (inayolipa hata gari langu mwenyewe), yeye ana thad pati (inayolipa aliyegongwa tu). Nikleimu wapi?

JIBU: Pole sana dada. Hiyo elfu hamsini wala sio tatizo, tatizo ni karatasi. Kampuni yako ya bima ikikulipa inachukua haki yako ya kumdai yule aliyekugonga, sasa kama wewe umeshaandika humdai wao watamfuata kwa lipi? Ndo maana mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali kosa au kupatana na mtu bila kampuni kujua. Usiifiche hiyo karatasi, ikija kuonekana baadaye ni mbaya zaidi.

Ila kabla hujakimbilia bima kubwa angalia eksesi kwenye mkataba wako, yaani kile unachobeba mwenyewe. Tuseme kiwango cha chini ni 250,000, basi kwenye 350,000 utapata laki moja, na mwakani punguzo la bei unalopewa kwa kutokleimu limeondoka. Kwa bampa la IST mimi naona hailipi.

Njia nzuri ni thad pati yake. Watu wanadhani ile ya 118,000 ni ya kumridhisha trafiki barabarani tu, kumbe kwa kawaida inalipa na mali ya mtu uliyemgonga mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Mpigie huyo jamaa leo, mtumie makadirio ya fundi, mwambie kwa upole kwamba bima yake ndo itakayolipa, yeye kazi yake ni kuripoti na kujaza fomu ya madai (wengi wanakimbia kwa kuogopa mfuko wao), na mkubaliane kwa maandishi kwamba ile karatasi imefutwa na hela yake umerudisha. Akizima simu, ingia kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima) wa kuhakiki bima, weka namba ya gari lake, utaona kampuni gani imemkatia na inaisha lini, uwaandikie wewe mwenyewe. Hapo karatasi inaweza kukubana lakini bora ujaribu.

Gari usilitengeneze kwanza, mkadiriaji hasara anatakiwa alikute hivyo hivyo. Picha uliyonitumia umelipiga bampa karibu mno mpaka namba haionekani, rudia kwa mbali, gari zima na namba yake. Halafu nenda pale supamaketi umuone meneja, kamera zao zinajifuta zenyewe baada ya siku kadhaa, muombe atunze kipande cha saa ile. Lile bango la "paki kwa hatari yako" linawahusu wao na wewe, jamaa wa Noah halimkingi.

Polisi nenda kituo cha karibu na pale upate ripoti ya trafiki, na mtu asikuhangaishe na PF3, hiyo ni ya majeruhi na wewe hukuumia. Nenda na leseni, kadi ya gari na namba ya simu ya jamaa, na kama mlinzi wa paking aliona, chukua namba yake pia, walinzi wanahamishwa malindo kila mara.