Maswali na majibu: Mtoto na kumbukumbu zake

Mwanangu ana miaka 9 na ulemavu wa akili. Likizo tulikwenda kwa babu yake Mpwapwa. Nikimuuliza, "Tulikwenda wapi?" ananyamaza. Amesahau yote? (Mama, Chamwino)

Huenda hajasahau, mama. Swali hilo kwake ni mtihani: atafute tukio, kisha atafute na maneno. Anza wewe: "Tulipanda basi. Tukafika kwa babu, babu akatupa..." Halafu nyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Wengi wetu hatusubiri, tunamjibia.

Mpe pia kitu mkononi. Binti wa dada yangu hakuwahi kusema lolote kuhusu siku tuliyovuna zabibu. Jioni moja nikampa kikonyo kikavu cha kichala. Akakinusa, akafanya vidole viwili kama mkasi, kata, kata, akacheka. Alikuwa amenisimulia shamba zima.

Kwa hiyo tafuta boksi la viatu. Weka tiketi ya basi, kokwa za ubuyu, picha moja ya babu. Achague mwenyewe, hata akichagua jiwe, na mfanye siku hiyohiyo mnaporudi. Kisha mlifungue mara kwa mara, ukisimulia kwa maneno yaleyale.

Nafundisha kitengo cha elimu maalumu. Tulikwenda Kolo kuona michoro ya miambani. Wawili hawasemi kabisa, watasimuliaje? (Mwalimu, Kondoa)

Michoro mingi ya pale ni ya rangi nyekundu, basi koroga udongo mwekundu wachore kwa vidole walichokiona. Simulizi ya darasa iwe na kiitikio, kama tunavyoitikia "hadithi njoo", na wawili hao wawe na zamu yao: mmoja apige makofi, mwingine abonyeze simu itoe sauti mliyorekodi. Zamu isibadilike. Wakiizoea, wataisubiri.

Mama wa mjukuu wangu alifariki. Mtoto anashinda na kanga yake. Majirani wanasema niifiche asihuzunike. (Bibi, Kongwa)

Shikamoo bibi, na pole sana. Usiifiche. Huzuni anayo tayari, na kanga ndiyo njia yake ya kumtaja mama. Usimwambie "mama amesafiri", maana atakaa mlangoni akimsubiri. Mwambie amekufa, na akilia kaa naye. Kama doti ni kamili, kipande kimoja alale nacho. Cha pili kifunge kwenye mfuko bila kukifua, harufu ibaki.