Kipi kilitangulia, chuki au utumwa?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha tatu ameniuliza: Wazungu walimchukia mtu mweusi ndipo wakamfanya mtumwa, au utumwa ndio uliozaa chuki? Nilikosa jibu. – Mama Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Dharau ilikuwapo Ulaya tangu zamani, lakini dharau ya mdomoni ni jambo moja, na sheria ni jambo jingine. Darasani mimi huanzia Virginia, koloni la Waingereza kule Amerika, kwa kuwa sheria zake zimebaki na unaweza kuzifuata mwaka hadi mwaka.

Waafrika ishirini na ushei walishushwa pale mwaka 1619. Wakati huo tumbaku ililimwa zaidi na Waingereza maskini waliofungwa kwa mikataba ya miaka kadhaa. Anthony Johnson, Mwafrika, alitoka utumwani akamiliki ekari 250. Lakini mwaka 1640 walikamatwa watoro watatu. Mholanzi na Mskoti waliongezewa miaka minne ya kutumika. Wa tatu, Mwafrika aliyeitwa John Punch, akahukumiwa kumtumikia bwana wake maisha. Hukumu hiyo huwasomea wanafunzi mara mbili, maana kosa lilikuwa lile lile.

Kisha ikaja sheria ya 1662. Kwa desturi ya Waingereza mtoto hufuata hali ya baba. Virginia wakaigeuza: mtoto wa mtumwa afuate hali ya mama. Maana yake, bwana shamba akimzalisha mtumwa wake, damu yake mwenyewe inahesabiwa pamoja na mali zake.

Mwaka 1676 mwenye shamba mmoja, Nathaniel Bacon, aliongoza uasi dhidi ya gavana, na Jamestown, mji mkuu wa koloni, ikateketezwa. Miongoni mwa waasi wa mwisho kusalimisha silaha walikuwamo weusi wapatao 80 na Waingereza 20, kambi moja. Matajiri walitishika. Vibarua wa mkataba kutoka Uingereza nao wakapungua, meli zikazidi kuleta Waafrika.

Sheria ya 1705 ikamaliza kazi. Mtumishi mweupe akimaliza mkataba apewe mahindi, shilingi 30 na bunduki. Mtu mweusi akimwinulia mkono Mkristo mweupe, viboko 30. Tena farasi, ng'ombe na nguruwe wa mtumwa wakamatwe na wazee wa kanisa, wauzwe, na fedha wapewe maskini wa parokia. Hapo ndipo huwa nanyamaza kidogo darasani.

Mwanao aanze na 1662. Ajiulize mtoto yule akizaliwa, ni nani aliyeongeza kitu kwenye daftari lake la mali.